Wiki Mbili za Kuzoea

Hedfoni za Shikanga zilikata roho Jumatatu saa tatu asubuhi, katikati ya wimbo. Edah alikuwa uani akichambua mboga za mrenda, na alijua kabla hajaambiwa, maana mumewe alilitaja jina la Mungu mara tatu mfululizo, na Shikanga hakuwa mtu wa kulitaja ovyo. Akatoka nje amezibeba kwa mikono miwili, ngozi imebambuka, waya umezungushiwa utepe mweusi mahali panne, akaziweka juu ya kichanja cha vyombo.

“Miaka kumi na moja,” alisema.

“Pole, Baba Nekoye. Si ununue zingine?”

“Zingine! Kwani hedfoni ni sufuria? Hizi nilikuwa nazijua. Hizi zikiniambia besi imezidi, ujue imezidi.”

Edah akarudi kwenye mboga zake. Majirani wa mtaa wa Amalemba, Kakamega, walimwona Shikanga kuwa mzee fulani tu anayejifungia chumbani na kompyuta, lakini kwaya zote kuanzia Mukumu hadi Malava zilijua kwamba ukitaka nyimbo zako zitoke zimenyooka, unampelekea yeye. Kurekodi alirekodi asubuhi. Ikifika saa nane mvua inamwagika juu ya mabati utadhani mtu anamimina mahindi, hata ukifungulia spika zote husikii kitu. Basi alasiri yote alivaa hedfoni, akapanga sauti moja moja: soprano huku, besi kule, ngoma za isukuti katikati. Kila kitu kilipimwa kwa masikio yake mawili na kile chombo.

Na safari hii kazi ilikuwa kubwa. Kanisa moja la Malava lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na kwaya yake ilitaka nyimbo kumi na mbili ziwe tayari siku ya sherehe. Zilibaki wiki nne na siku chache. Kwaya nane zilikuwa zimealikwa, na mwenyekiti wa kwaya hiyo, Mwalimu Masinde, alishatangaza kwamba atakayependa hizo nyimbo atapewa namba ya Shikanga. Kazi kama hiyo humlisha mtu mwaka mzima. Ikiharibika pia, mwaka mzima watu wanakusema.

Jioni hiyo Shikanga alirudi kutoka mjini na hedfoni mpya, nyeusi, boksi lake peke yake zuri kuliko redio ya nyumba yao. Akazivaa, akakunja uso.

“Vipi?” Edah aliuliza.

“Zinapiga kelele huku juu, chini hakuna kitu. Ni kawaida. Nitazizoea. Wiki mbili.”

Hii habari ya wiki mbili Edah aliisikia tangu aolewe. Ilikuwa sheria. Vijana waliokuja kujifunza kazi kwa Shikanga waliimbiwa hiyo kabla ya kuonyeshwa pa kukaa: kila hedfoni ina uongo wake, hii inaongeza besi, ile inaificha, na siku ya kwanza huwezi kujua inakudanganya wapi. Sikio litakataa, baadaye litazoea, mpaka kile ulichokiona kibaya ukione ndicho sawa. Usilalamike. Usirudishe dukani. Ngoja wiki mbili. Na kweli, waliongoja walifaulu.

Asubuhi ya Jumanne aliamka na mafua kidogo na mlio mwembamba upande wa kushoto, nziii, kama mbu aliyekosa mlango.

“Ni zile hedfoni,” alisema huku akikoroga chai. “Zimenichosha sikio jana. Litatulia.”

Edah akampa supu ya ingokho, kuku wa kienyeji, iliyobaki, mambo yakaishia hapo.

*

Ijumaa alilalamika kwamba upande wa kushoto wa hedfoni uko chini. Jumamosi asubuhi Mwalimu Masinde akaja mwenyewe. Alikuwa ametumiwa wimbo wa kwanza kwa simu, na hakukaa hata baada ya kukaribishwa kiti.

“Ndugu yangu, kwani soprano wangu wamekosana na wenzao?” aliuliza. “Wote wanapiga kelele kwa sikio moja. Nimejaribu kwa simu yangu, nimejaribu kwa simu ya mke wangu. Sikio la kushoto linataka kupasuka, huku kulia watu wanaimba wakiwa mbali.”

Shikanga alitoka jasho. Edah alimwona akipangusa paji la uso kwa mkono wa shati, akamwonea huruma.

“Ni hedfoni, Mwalimu. Kushoto ziko chini, kwa hivyo mimi naongeza ndiyo zilingane. Wiki mbili hazijaisha.”

“Wiki mbili za nini tena? Mimi niko na sherehe. Kitu kibovu kinarudishwanga dukani. Twende, hata mimi nitawasindikiza.”

Hivyo ndivyo Shikanga alivyovunja sheria yake mwenyewe mbele ya mteja. Walikwenda wote watatu, Edah akiwa amebeba boksi.

Duka lilijaa watu wa Jumamosi. Kijana wa kaunta aliitwa Kiprotich, mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alizivaa zile hedfoni, akasikiliza wimbo wa duka, akatikisa kichwa.

“Mzee, kwangu ziko poa kabisa.”

“Wewe masikio yako yameshaharibiwa na kelele za vijana,” Shikanga alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. “Mimi nimefanya kazi hii tangu ukiwa mgongoni kwa mamako. Mmeniuzia takataka!”

Watu waligeuka. Mmoja alicheka. Kiprotich hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Edah baadaye, kwamba kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

“Sawa mzee, tusigombane. Zivae. Upande gani uko chini?”

“Kushoto.”

Kiprotich akazivua kichwani mwa Shikanga, akazigeuza, ya kushoto akaiweka kulia na ya kulia kushoto. Akaucheza wimbo ule ule.

“Na sasa?”

Shikanga alifumba macho vile alivyofumba akiwa kazini. “Kushoto,” alisema, akaligusa sikio lake kwa kidole. “Huku huku. Sasa umeona?”

“Mzee,” Kiprotich alisema polepole, “nimezigeuza. Ile iliyokuwa kushoto iko kulia. Kama ni hedfoni mbovu, ubaya ungehama nayo.”

Hata aliyecheka hakucheka tena. Shikanga alifumbua macho, akamtazama kijana, akamtazama mkewe. Edah hakuwahi kumwona mumewe akiwa na uso ule, uso wa mtu aliyeitwa mbele ya darasa na hajui jibu. Edah akamgeukia Masinde, na Masinde alikuwa anampima Shikanga kuanzia juu hadi chini, vile mtu anavyompima ng’ombe sokoni baada ya kugundua anachechemea.

“Shikanga,” Masinde alianza, “kwani masikio yako...”

“Hebu leta mimi nisikie,” Edah alidakia.

Akazivaa. Na jamani, zilikuwa nzuri! Masinde aliuweka wimbo wa Malava kutoka simu yake, na Edah hakuwahi kuusikia hivyo. Soprano wa kweli wa Malava walikuwa upande wa kushoto, lakini wamezidishwa mpaka wanapasua, kosa la mikono ya mumewe. Chombo chenyewe kilikuwa safi. Kiprotich aliporudisha ule wimbo wa duka, sauti zilikaa sawasawa pande zote mbili, ngoma ikapiga katikati ya paji la uso wake.

“Ni kweli,” Edah alisema. “Kushoto kunakuja na kupotea. Ni waya huo. Ukizigeuza unashika, halafu unaachilia.”

Alidanganya kwa ufasaha wa mtu aliyeuza hedfoni maisha yake yote. Kiprotich alimkazia macho.

“Mama, uko na uhakika?”

“Kwani mimi pia ni kiziwi?”

Mpaka hapo hakuna aliyelitaja neno hilo. Lilimtoka yeye. Lakini Masinde alishusha pumzi, akacheka, akampiga Shikanga begani, akasema vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Shikanga naye akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kiprotich akabadilisha bila kubishana. Alipokuwa akimkabidhi Edah boksi jipya aliinama kidogo juu ya kaunta.

“Mama, mpeleke aonwe,” alinong’ona.

Edah alimsikia vizuri sana. Akachukua boksi, akamwambia asante.

*

Njiani Shikanga alikuwa na furaha kama mtoto. “Ningekuwa peke yangu, yule kijana angenishinda,” alisema. “Nilikuwa nimeshaanza kumwamini. Nikajiambia, haya, mzee, sikio limekwisha.” Halafu, walipofika nyumbani: “Sasa tunaanza kuhesabu upya. Wiki mbili.”

Kesho yake, baada ya kanisa, Edah alimpima. Shikanga alikuwa sebuleni anasoma gazeti. Edah akasimama kushoto kwake akasema kwa sauti ya kawaida kwamba chai iko tayari. Shikanga akafungua ukurasa. Edah akazunguka upande wa kulia, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile.

“Asante, mama,” Shikanga alisema bila kuinua macho.

Edah alirudi jikoni. Aliogopa, na aliona haya, na alijua la kufanya. Lakini akimwambia leo, mumewe ataacha kazi leo, maana Shikanga hawezi kuigiza. Masinde atazichukua nyimbo zake azipeleke Kisumu, na habari itafika kwa kwaya zote nane kabla ya Jumapili ijayo: Shikanga wa Amalemba hasikii. Nani atampelekea sauti tena? Baada ya sherehe, Edah alijiambia. Sikio limekaa siku zote hizi, litakaa hizo wiki chache. Baada ya sherehe nitampeleka mwenyewe.

Tangu siku hiyo akawa haondoki karibu na mlango wa studio.

“Mama Nekoye, kuja usikize. Kushoto na kulia ziko sawa?”

Edah alipangusa mikono, akavaa hedfoni. “Punguza kushoto.”

“Hapo?”

“Tena kidogo. Hapo sasa.”

“Una sikio wewe!” Shikanga alisema kwa mshangao wa kweli. “Miaka yote hii nimekuacha jikoni.”

Kumsifu vile kulimchoma. Alipunguza kushoto katika nyimbo zote kumi na mbili, na mumewe akamfuata bila kuuliza, akiamini kwamba wanasikia kitu kimoja. Wiki mbili zilipotimia, alitoka chumbani akiwa amejaa ushindi.

“Unaona? Nimezizoea. Nilikuambia!”

Edah akadakia. “Kushoto kumerudi?”

“Hapana, ziko vile vile, hata hizi zina kasoro ile ile, nafikiri ni kiwanda. Lakini sasa najua ni kiasi gani cha kupunguza. Haininyimi usingizi tena. Na ule mlio hata siukumbuki mpaka niutafute.”

Akaenda zake kunawa, anapiga mluzi. Mumewe alikuwa amezoea kweli, tena kwa bidii na nidhamu, alivyokuwa akiwafundisha wengine. Alikuwa amezoea kutosikia.

*

Sherehe ilifana. Spika zilipangwa chini ya hema, na wimbo wa saba ulipofika watu waliacha wali kwenye sahani wakaingia uwanjani. Mwalimu Masinde alishika kipaza sauti akamwita Shikanga mbele, akasema huyu ndiye mwenye masikio ya Kakamega nzima. Makofi yalipigwa. Wenyeviti wawili wa kwaya nyingine walichukua namba yake hapo hapo. Shikanga alicheza isukuti na koti lake la Jumapili mpaka jasho likaloweka kola. Edah alikula bila kujua anakula nini. Leo imepita, alijiambia. Kesho nitamwambia.

Kesho alimwona amechoka, akamhurumia. Keshokutwa asubuhi Shikanga aliamka, akasimama, akaanguka ukutani. Nyumba ilikuwa inamzunguka. Alitapika. Simu yake ililia na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa karibu, akaiweka sikio la kushoto.

“Haloo? Haloo!” Akaitazama. “Hii nayo imekufa.”

Edah akaichukua kutoka mkononi mwake. Masinde alikuwa anaongea ndani, sauti wazi kabisa, anauliza kama walifika salama.

“Vaa viatu,” Edah alisema upande wake wa kulia. “Twende hospitali.”

*

Walimweka kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvalisha hedfoni. Muuguzi alimwambia ainue mkono kila akisikia mlio.

“Hizi zenu hazina besi hata kidogo,” Shikanga alimtania. Muuguzi alitabasamu kwa adabu, akafunga mlango.

Edah aliachwa nje ya kioo, nyuma ya bega la muuguzi. Sikio la kulia lilikwenda vizuri, mkono ulipanda na kushuka. Halafu wakahamia kushoto, na mkono uliendelea kupanda na kushuka. Edah alianza kumshukuru Mungu. Akamwona muuguzi ameacha kubonyeza. Mikono yake ilikuwa mapajani, mashine haitoi mlio wowote, na mle ndani Shikanga, macho amefumba, aliendelea kuinua mkono. Alikuwa ameyakariri mapigo ya milio ya upande wa kulia na anayahesabu kwa kichwa, mwanamuziki mzima wa miaka hamsini na moja anaibia mtihani. Muuguzi alimwacha kidogo, halafu akagonga kioo. Edah alitazama sakafu.

Daktari Chepkorir alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, kwa hiyo Shikanga aliketi ameinama mbele, Edah kwenye kiti cha kushoto kwake. Daktari alisoma karatasi, akauliza mlio ulianza lini.

“Jumanne moja mwezi uliopita,” Shikanga alijibu. “Nilikuwa nimenunua hedfoni jana yake.”

“Na hukuja?”

“Daktari, hedfoni mpya zinasumbuanga. Sikio linahitaji wiki mbili kuzoea. Ni kitu kinajulikana.”

Daktari aliweka kalamu chini. “Mzee, sikio likizima ghafla namna hii, si la hedfoni. Na hizo wiki mbili za kwanza ndizo tunazitegemea. Mtu akija siku za mwanzo tunampa dawa, na wengi hurudishiwa kusikia, hata kama si kote. Wewe uko wiki ya tano. Dawa nitakupa, lakini sitaki nikudanganye.”

Mikono ya Shikanga ilitafuta kitu cha kushika, ikashika kofia.

“Nilishuku,” alisema. “Nakuambia ukweli, daktari. Kuna kijana wa duka alizigeuza mbele yangu, nikashuku. Ningekuja siku ile ile, ningetoka pale dukani moja kwa moja mpaka hapa. Lakini mke wangu alizivaa mwenyewe akasikia ubovu. Kwa hivyo si kwamba nilipuuza. Hata yeye alisikia.”

“Hazikuwa mbovu,” Edah alisema.

Daktari aliinua kichwa. Shikanga aliendelea kumweleza habari za waya, unavyoshika na kuachilia.

Edah angeweza kunyamaza. Daktari asingesema kitu, ilionekana machoni mwake. Aliinuka, akazunguka nyuma ya kiti cha mumewe akishikilia mgongo wa kiti, akasimama kulia kwake.

“Baba Nekoye, hazikuwa mbovu. Nilisikia sawa pande zote mbili. Nilidanganya kwa sababu Mwalimu alikuwa pale.”

Shikanga hakumtazama. Aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

“Siku ile dukani,” aliuliza, “ilikuwa ya ngapi tangu mlio uanze?”

Daktari alianza kutafuta kwenye karatasi. Edah hakuhitaji karatasi, alikuwa amezihesabu hizo siku mara nyingi.

“Ya tano,” alisema. Akaanza kulia. “Nisamehe. Nilitaka umalize kazi kwanza. Niliogopa watakucheka, Baba Nekoye, niliogopa...”

Shikanga alinyanyuka, akakishika kiti chake kwa mikono miwili na kukihamishia upande wa pili wa mkewe, akaketi tena akiwa amemwelekezea mkewe sikio la kushoto.

“Endelea, daktari,” alisema. “Hizo dawa zinanywewa mara ngapi?”